Waganga vijana na wakubwa wao: namna gani jina la Mukongomani lilifika mbele ya makala za Ebola

Mwezi wa tatu mwaka wa 1977, jarida la uganga The Lancet la Uingereza lilichapisha makala tatu juu ya ugonjwa mupya uliotokea Yambuku, kaskazini mwa inchi yetu. Moja iliandikwa na Wabelgiji, ingine na Waingereza, ingine na Wamarekani. Damu iliyopimwa ilitoka Congo. Watu 318 walikuwa wameshikwa na ugonjwa, 280 wakakufa. Lakini katika majina ya wale walioandika zile makala tatu, hamuna hata Mukongomani mumoja.

Mwezi wa 12 mwaka wa 2019, jarida lingine kubwa, The New England Journal of Medicine la Marekani, lilichapisha matokeo ya dawa za Ebola zilizojaribiwa hapa kwetu: Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Jina la kwanza ni Sabue Mulangu, munganga Mukongomani. Jina la mwisho ni Jean-Jacques Muyembe, yule yule aliyetumwa Yambuku mu 1976.

Kati ya tarehe hizo mbili kulipita miaka 42. Pesa za wageni zilisaidia, labo pia. Lakini kuna kazi ingine ambayo haionekane katika bajeti: mukubwa kumusindikiza munganga kijana mpaka naye anakuwa mwalimu na mutafiti. Ku iniversite wanaiita ankadrema. Katika fakilte nyingi za mashariki ndiyo kitu kinachokosekana zaidi, kushinda hata vitabu.

Jina la kwanza na jina la mwisho

Mutu asiyezoea mambo ya majarida anaweza kuuliza: jina kuwa la kwanza ao la katikati, inabadilisha nini? Inabadilisha sana. Katika makala za uganga, jina la kwanza ni la yule aliyefanya kazi kubwa na kuandika. La mwisho ni la mukubwa aliyeongoza, aliyetafuta pesa, mwenye labo. Wale wa katikati walisaidia, kila mumoja kwa kipimo chake. Wakati wa kupandishwa cheo, makala zinahesabiwa, na nafasi ya jina inaangaliwa.

Kwa hiyo, profesa anayechukua kazi ya asistenti wake na kuweka jina lake mwenyewe mbele, amekula mbegu. Hiyo tabia iko, na kila mutu aliyepita ku iniversite anaijua. Mukubwa anayejua kazi anakubali kukaa mwisho. Pale mwisho hapunguziwi kitu, sababu dunia nzima inasoma kwamba kijana huyu alilelewa na yeye.

Kutoka Yambuku mpaka Kikwit

Muyembe alimaliza uganga Lovanium, Kinshasa, mu 1969. Akaenda Leuven, Ubelgiji, akafanya teze juu ya virusi, kisha akarudi kufundisha. Mu 1976 serikali ikamutuma Yambuku. Alichukua damu ya wagonjwa bila gants, akaona damu haikauki pale sindano ilipita, akanawa mikono na maji na sabuni. Alirudi Kinshasa pamoja na mutawa mumoja Mubelgiji aliyekuwa mugonjwa, na damu ya yule mutawa ikapelekwa Antwerp ndani ya termosi. Huko ndiko virusi ilionekana, na kwa miaka mingi vitabu vilitaja watu wa Antwerp, vikamusahau aliyeshika sindano.

Tuangalie vizuri: diplome alikuwa nayo, tena ya kiwango kimoja na ya wale wageni. Kilichokosekana ni labo ya kusoma damu hapa hapa, na mukubwa wa kuweka jina lake mezani wakati makala inaandikwa. Wanaofikiri kwamba kijana anabaki nyuma juu ya kukosa akili wakumbuke hilo.

Mu 1995 Ebola ikatokea Kikwit. Muyembe na waganga wa pale wakajaribu kitu: kuwapa wagonjwa damu ya watu waliopona. Walipewa 8, wakapona 7. Wageni wengi hawakuamini, na sababu yao ilikuwa na uzito: hapakuwa kundi lingine la kulinganisha, na watu 8 ni wachache. Lakini tuangalie makala iliyotoka mu 1999. Jina la kwanza ni Mupapa, munganga wa hospitali ya Kikwit. Muyembe amekaa mwisho. Huyu aliyesahauliwa mu 1977, alipopata nafasi ya kuwa mukubwa, alimuweka mbele munganga wa hospitali ya ndani ya inchi, mbali na Kinshasa.

Pamoja Tulinde Maisha

Kisha miaka mingi, damu ya mutu mumoja aliyepona Kikwit ilichunguzwa Marekani, katika labo ya NIH. Humo walitafuta zile kinga za damu zinazopigana na virusi, wakapata moja yenye nguvu. Ikawa dawa yenye jina mAb114. Kati ya watafiti wa kazi ile alikuwamo Sabue Mulangu.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa Kivu ya Kaskazini. Hatuna haja ya kueleza sana, wengi wetu tulikuwa hapo: watu 3.470 walishikwa, 2.287 wakakufa, mpaka tangazo la mwisho tarehe 25 Juni 2020. Mu Novemba 2018 jaribio la dawa likaanza. Jina lake PALM linatoka katika Kiswahili chetu: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waliingia, wakagawanywa kwa kura kati ya dawa nne. Vituo vya Katwa na Butembo vilichomwa mu Februari 2019, kazi ikasimama, kisha ikaanza tena.

Mu Agosti 2019 kugawanya dawa nne kukasimamishwa, sababu jibu lilionekana. Kwa wale waliopewa ZMapp, karibu 50 kwa mia walikufa. Kwa remdesivir, 53. Kwa mAb114, 35. Kwa REGN-EB3, kidogo chini ya 34. Dawa hizo mbili za mwisho zilikubaliwa rasmi Marekani mu 2020.

Faida ingine ya PALM haikuandikwa katika meza za hesabu. Waganga na wauguzi Wakongomani walijifunza utafiti wakiwa kando ya kitanda, wamevaa zile nguo nzito: kumueleza mugonjwa kabla atie sahihi, kuheshimu kura hata wakati moyo unataka kumupa ndugu dawa fulani, kuandika kila kitu saa ile ile. Hayo hayafundishwe kwa silabisi. Mutu anayajifunza akiwa pembeni ya mwingine anayeyajua.

Ngazi na mahali inapovunjika

Kwa wasiojua: munganga aliyemaliza masomo na kubaki fakilte anaanza kama asistenti. Anapanda kuwa CT, maana yake mukubwa wa kazi za vitendo. Kisha anatetea teze, anakuwa profesa shirikishi, halafu profesa, halafu profesa kamili. Bila teze hapandi kuwa profesa, na bila profesa wa kumuongoza hafanyi teze. Hapo ndipo tatizo la mashariki linajificha. Tuna fakilte za uganga Bukavu, Goma, Butembo, Kisangani, lakini maprofesa wengi wako Kinshasa na Lubumbashi. Wanakuja kwa ndege, wanafundisha somo la muhula muzima kwa siku chache, wanarudi. Mutu wa siku chache anaweza kutoa mutihani. Kumulea mutu hawezi. Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa juu ya vita, na njia ikawa ndefu zaidi.

Matokeo yake ni asistenti anayebaki asistenti mpaka nywele zinakuwa nyeupe. Mushahara ni kidogo, kwa hiyo anakimbia kutoka hospitali hii mpaka kliniki ile, na teze inalala. Hata wakubwa wenye jina inawachukua muda: Denis Mukwege, aliyezaliwa mu 1955, alitetea teze yake Brussels mu 2015, akiwa na miaka 60. Kweli yeye alikuwa na kazi ya Panzi mikononi.

Wale walio wachache

Marekani wanaongea sana juu ya jambo hili kwa sababu ya Waamerika Weusi. Karibu 13 kwa mia ya raia ni Weusi, lakini mu 2018 walikuwa chini ya 4 kwa mia ya walimu wa fakilte za uganga. Tangu 1983 kuna programu moja, sasa inaitwa kwa jina la profesa Harold Amos, ambayo inamupa mutafiti kijana pesa za miaka minne pamoja na mukubwa anayejulikana kwa jina, siyo ahadi ya hewa. Tena mu 2015 watafiti wa kule waliandika juu ya kitu walichoita kodi ya wachache: Mweusi akiwa peke yake katika fakilte, anaitwa katika kila kamati, kila mwanafunzi Mweusi anamukimbilia, na siku ya kupandishwa cheo kazi hiyo yote haihesabiwe.

Kwetu kodi hiyo wanailipa wanawake. Asistenti mwanamuke ni mumoja ao wawili katika departema, basi anatumwa kupokea wageni, anashauri wasichana wote, anaandika ripoti za mikutano. Wenzake wanaume wako labo. Akipata mimba wakati wa spesialite, wanaanza kumuhesabu kama aliyeacha.

Tena kuna jambo tunalolisema kwa sauti ya chini: pointi za ngono. Mwanafunzi ao asistenti anaogopa kumukaribia profesa sababu anajua bei inayoweza kuombwa. Kwa hiyo anakosa kulelewa mara mbili, kwanza kwa sababu wakubwa ni wachache, pili kwa sababu mulango wao unatisha. Fakilte zinazotaka kusaidia zinaweza kuanza na vitu vidogo: mukutano ufanyike ofisini saa za kazi, mulango wazi, wakubwa wawili kwa kila kijana, na namna ya kubadilisha mwongozi bila kulipishwa kisasi.

Kabla ya kukubali mwongozi

Asistenti na mwanafunzi wa miaka ya mwisho anaweza kuuliza mbele ya kuanza, kwa heshima yote: Profesa, tutaonana mara ngapi kwa mwezi? Jina langu litakuwa wapi katika makala? Data itabaki kwa nani? Vijana waliotangulia na wewe, wamefika wapi? Swali hili la mwisho ndilo la maana zaidi, na si lazima kumuuliza profesa mwenyewe. Tafuta wale vijana. Kama hakuna hata mumoja aliyemaliza teze, umepata jibu. Majibu mengine yaandikwe hata kwa barua-pepe fupi. Wakubwa wengine watachukia kuulizwa. Ni vizuri kuwajua mapema.

Mu 2019 Muyembe aliwaambia waandishi wa habari kwamba damu za wagonjwa zitachunguzwa na kubaki Congo, siyo kama zamani. Wakati mpox ilipotokea Kamituga, Kivu ya Kusini, mu 2023, na ikaonekana ni tawi mupya la virusi, makala ilitoka mu 2024 katika Nature Medicine. Jina la kwanza ni Emmanuel Hasivirwe Vakaniaki, munganga Mukongomani wa INRB. Safari hii virusi ilisomwa Kinshasa.