Sakafu, Nakshi na Kusiriba

Mfasiri mmoja alituletea sentensi fupi kutoka katika kijitabu cha watalii kuhusu wilaya ya Karatu, akiomba msaada wa istilahi. Sentensi ilisema kwamba akina mama wa huko hupamba nyumba zao kwa michoro ya chini, naye alikuwa ameiandika hivi: "Wanawake hupaka rangi sakafu." Sarufi haikuwa na kosa. Lakini mtu wa Rhotia akiisoma atadhani inazungumziwa ofisi ya serikali yenye saruji nyekundu, wala hatakumbuka nyumba ya mama yake. Kwa hiyo tuliona inafaa kwanza tuchunguze maneno yenyewe yametoka wapi.

Neno sakafu asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo huitwa hivyo paa au dari, yaani kitu kilicho juu ya kichwa. Limeshukaje hadi chini ya miguu? Jibu limo katika nyumba za mawe za pwani. Fundi alilaza boriti za mikoko, akapanga mawe juu yake, kisha akamwaga chokaa iliyochanganywa na kokoto. Watu wengi, wanawake kwa wanaume, waliiponda chokaa ile kwa vipande vya mti siku kadhaa, huku wakiimba, mpaka ikashikana na kuzuia maji. Paa hilo bapa ndilo lililoitwa sakafu. Ikijengwa orofa nyingine juu yake, paa la chumba cha chini huwa ndipo pa kukanyaga katika chumba cha juu. Ndiyo maana kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ililipa neno hili maana zote mbili.

Yafaa ieleweke kwamba sakafu, kwa maana hiyo, ilikuwa mali ya mwenye chokaa. Katika nyumba ya udongo watu walisema "chini" tu: fagia chini, tandika mkeka chini. Vivyo hivyo mwenye nyumba ya miti na udongo alikuwa na kiwambaza, na mwenye nyumba ya mawe alikuwa na ukuta. Lugha ilitenganisha nyumba kwa nyumba, na kwa kiasi fulani mtu kwa mtu.

Sasa tuipande Rhotia. Mahali hapa pako juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika barabara itokayo Mto wa Mbu kwenda Karatu na Ngorongoro, na wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Zamani Wairaqw walijenga nyumba kwa kuchimba ubavu wa kilima na kuezeka paa bapa la miti na udongo, hata mtu aliyetoka upande wa juu aliweza kutembea juu yake karibu bila kujua. Nyumba za namna hiyo ziliwafaa watu waliojihadhari na uvamizi wa wateka ng'ombe. Kiswahili cha bara kiliziita tembe. Lakini paa la kukanyagwa, mtu wa Lamu angeliitaje kama si sakafu? Tunadhani hoja hii yatosha kumaliza ubishi wa wale wanaosema udongo hauna sakafu. Isitoshe, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 iliuliza sakafu ya kila nyumba ni ya kitu gani, na udongo ulikuwa miongoni mwa majibu.

Neno gumu zaidi ni "kupaka rangi". Katika nyumba moja tuliyoingia hapakuwa na rangi wala brashi. Mama wa nyumba alikuwa amechanganya udongo, majivu na mavi ya ng'ombe (wafasiri wenye haya huandika "samadi", lakini samadi ni ya shambani), akapiga magoti na kurudi nyuma kuelekea mlangoni, mkono ukipita kwa nusu duara, na kila nusu duara ikilalia mwenzake. Nakshi yenyewe ni njia ya vidole. Ikikauka hudumu mpaka atakaposiriba tena, na hapo hufutika yote. Neno la kazi hiyo tunalo siku nyingi: kusiriba.

Wala si kazi ya Rhotia pekee. Huko Gisaka, Rwanda, mavi ya ng'ombe hufinyangwa kuwa matuta ya nakshi ukutani, ndiyo sanaa iitwayo imigongo, na hapo rangi hupakwa kweli. Wasotho huchora kuta mbichi kwa vidole na kuiita kazi hiyo litema, neno lenye shina moja na "lima" yetu, kwa kuwa mistari yake hufanana na shamba lililolimwa. Nao Wahindu wa miji yetu, siku za Diwali, huchora mlangoni kwa unga wa rangi. Kazi ni tatu, na kitenzi kimoja hakizitoshi: kusiriba, kupaka, kuchora.

Kwa jina la pambo lenyewe tunapendekeza nakshi badala ya urembo. Urembo ni neno pana mno, lakini nakshi tangu asili yake ya Kiarabu hubeba kuchonga na kuchora pamoja, na pwani limekwisha kuzoeleka kwa milango.

Tukawie kidogo kwenye saruji, maana ndiyo inayotuharakisha. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966, na cha Tanga mwaka 1980. Saruji ilipofika vijijini ilikuja na fundi wake, na fundi alikuja na maneno yake: lipu, niru, terazo. Maneno hayo yaliingia katika orodha za istilahi bila taabu, kwa sababu fundi huandika hesabu ya vifaa na mkadiriaji huisoma. Mama anayesiriba haandiki hesabu kwa mtu. Chumba chake kikipigwa niru, kazi yake hukoma siku hiyo hiyo, na pamoja nayo majina ya Kiiraqw ya kila aina ya udongo na kila mpito wa mkono. Twawaomba walimu wa Karatu na Mbulu wayakusanye majina hayo kwa wazee, wayaandike kama yanavyotamkwa, na watuletee hata kabla ya kuyatafutia Kiswahili chake.

Mfasiri wetu tulimrudishia sentensi hii: "Akina mama husiriba sakafu za udongo na kuzitia nakshi kwa vidole." Alilalamika kwamba ni ndefu, na nafasi ya kijitabu ni ndogo. Tulimshauri apunguze habari za hoteli.