Gari Kali Ni Ile Inafika

Wasee, leo naanza na kukiri kitu.

Video yangu iliyowahi kutazamwa sana ni ile ya Impreza ya binamu yangu ikitema moto kwa ekzosi usiku, hapo Outering. Mnaikumbuka. Mlijaza comments, "ongeza," "hiyo ni moto," na mimi nikawa naongeza kweli. Wiki tatu baadaye injini ya hiyo gari ilikufa. Hiyo video hamkuiona kwa sababu sikuiweka.

Binamu yangu alinunua hiyo ndai na mkopo wa sacco. Gari sasa imekaa juu ya mawe nyuma ya ploti huko Umoja, na mkopo bado anakatwa kila mwisho wa mwezi. Yeye hajawahi kunilaumu. Lakini mimi ndio nilishika simu, mimi ndio nilimwambia arudie mara ya nne kwa sababu mara ya tatu moto haukuonekana vizuri.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea mambo ya injini. Siku hizi nikiwa sina kamera mkononi, niko kwa gereji ya mjomba, Kariobangi Light Industries. Ni yeye alifungua hiyo injini. Pistoni moja ilikuwa imevunjika kando, pale ringi hukaa. Akaishika, akaigeuza, akauliza, "Mliongeza nini?"

Nikamwambia tulipeleka gari kwa msee mmoja mwenye laptop, akamapu kompyuta kwa saa moja hivi, gari ikatoka ikiwa kali.

"Na mafuta mliweka gani?"

Ya kawaida tu, ya petrol station. Akacheka ile kicheko ya kuchoka, kisha akaanza kuniambia hadithi za Peugeot. Nilidhani anabadilisha mada. Nilipoenda kusoma zaidi, nikagundua alikuwa anajibu swali langu. Wacha niwape hiyo historia, kwa sababu sisi watoto wa Eastlands tunadhani mambo ya kuongezea gari nguvu yalianza na Subaru. Zii. Yalianza kabla wazazi wetu wengi wazaliwe.

Anza na mji wenyewe. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Injini huchoma mafuta ikitumia hewa, kwa hivyo gari isiyo na turbo ikipanda kutoka Pwani inapoteza nguvu hata kama haina shida yoyote. Enzi za kabureta ilikuwa mbaya zaidi: kabureta iliyopimwa kwa hewa ya bahari ikifika hapa inamwaga mafuta mengi kuliko hewa, plagi zinakuwa nyeusi, gari inakula tanki. Fundi alikuwa anabadilisha jeti, anaweka yenye tundu dogo, anagusa taimingi, anasikiliza. Hiyo ndiyo ilikuwa tuning ya Nairobi. Haikuwa ya kuonyesha mtu. Ilikuwa ya kufanya gari ikubali mahali ilipo.

Sasa ingia Safari Rally. Ilianza 1953 na wakati huo iliitwa Coronation Safari, kusherehekea malkia wa Uingereza kutawazwa. Ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita za vumbi na matope, na haikuwa kwa barabara zilizofungwa. Ungekutana na ng'ombe, lori, mto umefurika. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 yakaanza 93, yakamaliza tena 7. Soma hizo namba polepole. Viwanda vya Ulaya vilileta magari ya kasi, na matope ya Afrika Mashariki yakayala.

Na ni nani alishinda hiyo miaka miwili? Nick Nowicki, dereva wa hapa Kenya, mara zote mbili na Peugeot 404. Katikati, 1966 na 1967, akashinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa anaishi Tanzania. Yeye pia na Peugeot 404. Hiyo ni gari ya familia, injini ya sisi 1,618. Haikuwa na nguvu kuliko zote. Ilikuwa inafika.

Lakini hadithi yangu favourite ni ya 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, makanika kutoka familia ya makanika, aliingia Safari na nduguye Jaswant wakiendesha Volvo PV544 kuukuu. Hiyo Volvo ilikuwa imeshakimbia Safari ya 1964 na timu ya kiwanda, ikaumia, ikaachwa huku. Wazungu walirudi kwao, gari ikabaki. Hawa ndugu wakaifungua na kuijenga upya kwa mikono yao, na wakashinda. Mbele ya timu za viwanda, na gari ambayo kiwanda kilikuwa kimemaliza nayo.

Joginder alishinda tena 1974 na 1976, mara zote mbili na Mitsubishi Lancer. Watu walimwita Simba wa Kenya. Kitu nataka mshike ni hiki: alijua gari yake kutoka ndani. Dereva ambaye ameshika kila nati kwa mkono anasikia injini ikilalamika kabla haijafa. Mimi na binamu yangu tuliisikia ikigonga siku mbili nzima. Tukaongeza sauti ya redio.

Turudi mtaani. Hiyo Peugeot 404 haikuishia kwa rally. Ile ya pickup ilifungwa viti vya mbao nyuma na ikawa moja ya matatu za kwanza za Nairobi. Mwaka wa 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zibebe watu bila ile leseni kubwa ya biashara ya abiria, na mitaa ya huku, ambayo ilikuwa inategemea basi za Kenya Bus, ikafurika. Gari iliyotengenezwa kubeba mzigo kidogo ikaanza kubeba watu hadi mlangoni, asubuhi mpaka usiku, kila siku. Nani aliifanya iweze? Makanika wa Grogan, wa Kariobangi, wa kando ya barabara. Waliongeza springi, wakachonga vyuma, wakahamisha injini ya gari moja kwa bodi ya nyingine. Majina yao hayako kwa kitabu chochote. Lakini kama nyanya yako alikuwa anafika Gikomba alfajiri akirudi Dandora jioni, ni kazi ya hao watu.

Ni kweli pia kwamba si kila kazi ya fundi wa matatu ilikuwa ya heshima. Februari 2004 sheria za Waziri John Michuki zilianza kufanya kazi: mikanda, mstari wa njano, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Mtaani, kuna mafundi waliosifika kwa kukifanya hicho kidhibiti kilale. Sisi tulilelewa tukiwasifu. Nganya inayopita zingine Jogoo Road ndio tulikuwa tunangoja stage, hata kama tatu zimepita tupu. Watu walikufa kwa hiyo sifa, na wengi wenu mnajua jina la mmoja. Kwa hivyo mtu asiniambie tuning ni kitu cha ujuzi tu. Fundi yuleyule anaweza kufanya gari ifike, na anaweza kufanya isifike.

Halafu ndio Subaru. Mnajua ilitufikaje? Mwaka wa 1993 Subaru walileta Safari kagari kanaitwa Vivio. Sisi 658, silinda nne, kwa hivyo kila silinda ni kama ya bodaboda. Mmoja alipewa Colin McRae, Mskoti aliyekuwa anakuja juu kwa kasi. Mwingine akapewa Mkenya, Patrick Njiru. McRae alikimbia, akakwama njiani. Njiru akafika, namba 12 kwa jumla, na akashinda daraja la magari madogo. Mwaka uliofuata akapewa Impreza, akamaliza wa nne. McRae naye alirudi, na 1997 akashinda Safari na Impreza. Magari ya Safari ya miaka hiyo yalikuwa na bomba la kuvuta hewa limepandishwa hadi usawa wa paa, ili injini isinywe maji mtoni. Hiyo nayo ni tuning. Haiongezi hata farasi mmoja.

Miaka ilivyosonga Impreza na Legacy zilizotumika Japan zikaanza kushuka Mombasa, na mtoto wa Buruburu akaweza kuota gari ya McRae. Shida ni kwamba zile za turbo zilipimwa kwa mafuta ya kwao, yale ya bei, yenye oktani karibu 100. Ya pampu zetu za kawaida iko chini ya hapo. Sasa ukimapu kompyuta, kwa kawaida unafanya mambo mawili: turbo isukume hewa zaidi, na cheche iwake mapema zaidi. Kwa mafuta yanayostahimili, unapata nguvu. Kwa mafuta yasiyostahimili, yanalipuka yenyewe ndani kabla ya wakati, kama nyundo juu ya pistoni. Ile sauti ya kugonga ndiyo hiyo. Na ule moto wa ekzosi mnaopenda ni mafuta yanayochomekea nje ya injini, yakipika turbo na vali. Nililipia like zangu na turbo ya mtu mwingine.

Sisemi usiguse gari yako. Mimi bado napenda hizi vitu, na nimekesha Naivasha tangu Safari irudi kwa kalenda ya dunia 2021. Nasema ufuate mpangilio ambao hawa watu walifuata. Kwanza oili, maji, breki, tairi. Fundi apime kompreshoni kabla hajafungua laptop. Akikuambia injini imechoka, hiyo ndiyo tuning yako ya mwaka huu. Akimapu bila kuuliza unaweka mafuta gani, chukua ufunguo wako uende. Na mbio zina mahali pake, si Outering saa tano usiku penye mama anavuka na mtoto.

Mimi na mjomba tumeamua tutaijenga ile Impreza upya, polepole, kila tukipata doo. Nitarekodi kila hatua, hata zile boring. Hakutakuwa na moto. Video ya mwisho itakuwa binamu yangu akiendesha kutoka Umoja hadi Mombasa na kurudi, akiwa amefunga mkanda, redio imezimwa, akisikiliza injini.

Kama mzee wako, guka au jirani aliwahi kuwa makanika Grogan, Kariobangi ama popote mtaani, kaa naye wiki hii umuulize alitengeneza gari gani na aliifanyia nini. Rekodi na simu. Kisha niambie hapo chini. Hiyo historia yote iko kwa vichwa vya wazee.