Barua-pepe, kufuli na viraka

Leo turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1991 Phil Zimmermann wa Marekani alitoa PGP, programu ya kusimba barua-pepe: asiye na ufunguo anaona herufi za ovyo tu. Mwaka 1999 Werner Koch wa Ujerumani akatoa GnuPG 1.0, ya bure. Sisi wa Thunderbird tuliiunganisha kwa programu-jalizi iitwayo Enigmail.

Mei 2018 watafiti wa Ujerumani na Ubelgiji wakatangaza EFAIL. Hesabu za usimbaji hazikuvunjwa. Mwizi aliyenasa barua yako, hata ya miaka iliyopita, aliizungushia msimbo wa picha ya HTML akakutumia upya. Programu yako iliifungua kwa ufunguo wako, kisha ilipokwenda kuleta picha ikabeba maneno yenyewe hadi kwenye seva ya mwizi. Kufuli zima, mlango umeoza!

Mimi hapa Syokimau nilikuwa nikiahirisha masasisho ili kubania data, huku nikimhakikishia mteja kwamba siri zake ziko salama. Niliona haya. Usiku huohuo nilizima HTML na picha za mbali. Thunderbird 52.9 ilipotoka na viraka vyake mwaka huohuo, niliisakinisha bila kungoja.

Mwaka 2020 Thunderbird 78 iliacha kuikubali Enigmail, na OpenPGP ikawekwa ndani ya programu yenyewe. Tukahamisha funguo zetu, wengine wakinung'unika.

Jamani, ufunguo mzuri haulindi programu iliyozeeka. Sasisheni!