Pembetatu Isiyo na Mwisho: Nikolaus wa Kues na Hesabu za Imani

Mwishoni mwa Novemba 1437 merikebu ziling'oa nanga Konstantinopoli zikashika njia ya Venice. Walikuwamo Kaisari Yohane wa Nane, Patriaki Yosefu wa Pili, na msafara wa watu wapatao 700: maaskofu, wamonaki, wanateolojia, waandishi na watumishi. Walikuwa wanakwenda Italia kwenye Mtaguso, wakitumaini kuponya utengano wa Kanisa la Mashariki na la Magharibi. Hoja iliyowagawa kuliko zote ilihusu Utatu Mtakatifu wenyewe. Je, Roho Mtakatifu anatoka kwa Baba peke yake, au anatoka kwa Baba na Mwana?

Miongoni mwa wajumbe waliokwenda kuwachukua kwa niaba ya Papa Eugenius wa Nne alikuwamo Mjerumani wa miaka 36, mwanasheria wa Kanisa aliyeitwa Nikolaus. Alizaliwa mwaka 1401 Kues, kijiji cha mashamba ya mizabibu kando ya mto Mosel, na baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye mashua mtoni. Alisoma Heidelberg, kisha Padua, ambako mwaka 1423 alipata udaktari wa sheria za Kanisa. Huko Padua alifanya urafiki na kijana wa Florence, Paolo Toscanelli, mtu wa tiba, nyota na hesabu. Urafiki huo ulidumu maisha yao yote, na nadhani bila huo kisa hiki kisingekuwapo.

Safari ya baharini ilichukua zaidi ya miezi miwili. Baadaye, katika barua aliyomwandikia Kardinali Giuliano Cesarini, Nikolaus alieleza kwamba ni katika safari hiyo ya kurudi kutoka Ugiriki ndipo aliposhukiwa na mwanga aliouamini kuwa zawadi ya Mungu. Alitambua kwamba Mungu hafikiwi kwa kurundika maarifa juu ya maarifa. Anayemtafuta sharti ajue kwa hakika, na kwa elimu, kwamba hajui. Tarehe 12 Februari 1440, akiwa nyumbani Kues, alikamilisha kitabu alichokiita De docta ignorantia, yaani juu ya kutojua kwenye elimu. Ni kitabu cha teolojia, lakini ukikifungua unakutana na mistari, pembetatu, duara na tufe.

Kwa nini hesabu? Sababu aliyoitoa ni nyofu. Tukitaka kumsema Mungu tunalazimika kutumia mifano, maana hatumwoni. Lakini vitu tunavyovitolea mfano, moto, maji, mti, mfalme, vyote vinageuka na kuchakaa. Pembetatu haigeuki. Aliyoyajua Pythagoras juu yake ni hayo hayo aliyoyajua Boethius miaka elfu moja baadaye. Kama ni lazima tupande kwa ngazi ya mifano, Nikolaus alisema, basi tushike iliyo imara kuliko zote. Hakujidai kuwa wa kwanza. Aliwataja waliomtangulia, akiwamo Anselm, aliyeulinganisha ukweli wa juu kabisa na unyoofu usio na kikomo.

Alichoongeza yeye ni utaratibu, na alisisitiza kwamba asiyeufuata atapotea. Kwanza, chunguza umbo lenye kikomo, lile unaloweza kulichora, ujue sifa zake. Pili, hamisha sifa hizo kwenye umbo lisilo na kikomo, uone zinageuka kuwa nini. Tatu, ruka kutoka kwenye umbo hilo hadi kwa Yule asiye na kikomo ambaye hana umbo lolote. Hatua ya kwanza ni ya jicho na ya pili ni ya akili. Ya tatu haina mchoro.

Chukua duara. Chora dogo lenye kipenyo cha sentimita mbili, kisha kubwa lenye kipenyo cha mita mbili. Kata kipande kifupi cha mzingo wa kila moja uvilinganishe: kile cha duara kubwa kimenyooka zaidi. Kadiri kipenyo kinavyokua, mpindo unapungua. Sasa, akasema Nikolaus, fikiri duara ambalo haliwezi kuzidiwa ukubwa. Mpindo wake utakuwa mdogo kuliko mpindo wowote, yaani hautakuwapo. Duara hilo litakuwa mstari ulionyooka. Vitu viwili ambavyo hapa kwetu vinapingana, mpindo na unyoofu, kule havipingani tena.

Kisha akaja kwenye pembetatu, na hapa nitakwenda polepole. Kila aliyesoma jiometri anajua kwamba pande mbili za pembetatu zikijumlishwa haziwezi kuwa fupi kuliko upande wa tatu. Basi tuseme upande mmoja hauna kikomo. Zile pande mbili nyingine, ili zisipungukiwe, nazo hazitakuwa na kikomo. Lakini visivyo na kikomo, Nikolaus alidai, haviwezi kuwa vingi, kwa sababu kingekuwapo cha pili, cha kwanza kingeishia pale cha pili kinapoanzia. Kwa hiyo pande tatu ni mstari mmoja. Bado ni pembetatu, maana bila pande tatu si pembetatu, na bado ni mstari mmoja tu. Tatu ambazo ni moja, na moja ambayo ni tatu, bila kugawanyika na bila kuchanganyika.

Msomaji Mkristo anaona mara moja jambo hili linaelekea wapi. Makatekista wengi wamechora pembetatu ubaoni kuwafundisha watoto Utatu: huyu Baba, huyu Mwana, huyu Roho Mtakatifu. Mchoro huo husaidia, lakini una hatari, kwa kuwa mtoto anaona pande tatu zilizotengana na anaweza kuondoka na miungu watatu kichwani. Nikolaus alianza na pembetatu hiyo hiyo, akainyoosha mpaka ikashindwa kuchoreka. Palipokwisha mchoro ndipo somo lake lilipoanzia. Mtu aliyesafiri baharini na watu waliokwenda kubishana juu ya Utatu hakutoa hoja ya kumshindia yeyote. Hakusema kwamba amethibitisha Utatu kwa jiometri, na anayemsoma kama mtu aliyetoa uthibitisho anamsoma vibaya. Alichoonyesha ni kwamba hata katika elimu tunayoiamini kuliko zote, akili ikifikishwa ukingoni inakutana na umoja isioweza kuuhesabu.

Mfano wake ninaoupenda zaidi unahusu sisi wenyewe. Ndani ya duara chora pembetatu inayogusa mzingo kwa ncha zake. Badala yake chora mraba, kisha umbo la pande sita, la 12, la 24. Karne nyingi kabla yake Archimedes alifika pande 96 alipokuwa akitafuta uwiano wa mzingo na kipenyo. Kila ukiongeza pande, umbo linazidi kufanana na duara. Lakini ongeza upendavyo, halitakuwa duara kamwe, kwa kuwa litabaki na pembe na duara halina hata moja. Ndivyo akili ya mwanadamu ilivyo mbele ya ukweli, alisema. Inakaribia, na inaweza kukaribia zaidi bila mwisho, lakini hailingani. Juhudi ya kujua hapa haidharauliwi, kwani pande 96 ni bora kuliko tatu. Ila mwenye 96 hana haki ya kujiita duara.

Katika sehemu ya tatu ya kitabu aliurudia mfano huo huo kumzungumzia Kristo. Ubinadamu uwe umbo la pembe nyingi, na umungu uwe duara. Kama lingekuwapo umbo la pembe nyingi lililo kuu kiasi kwamba hakuna linaloweza kulizidi, lisingesimama peke yake. Lingekuwa limeshikwa ndani ya duara lenyewe. Kwa njia hiyo aliueleza Umwilisho: mtu kamili ambaye ubinadamu wake haujafutwa, na unasimama katika umungu.

Haikuchukua muda kabla ya kushambuliwa. Johannes Wenck, profesa wa teolojia Heidelberg, aliandika kitabu kizima kumpinga. Walikuwa mahasimu pia katika siasa za Kanisa, maana Nikolaus aliwahi kuutetea Mtaguso wa Basel, uliokuwa ukishindana na Papa, kisha akahamia upande wa Papa, na Wenck alibaki upande wa Basel. Lakini mashtaka yake yenyewe yalikuwa mazito. Mtu akikubali kwamba vinavyopingana ni kitu kimoja, alisema, elimu yote inabomoka, na kiumbe anachanganywa na Muumba. Nikolaus alijibu mwaka 1449 kwamba Wenck ameyasoma maneno ya hatua ya tatu kana kwamba ni ya hatua ya kwanza.

Kufikia wakati huo Nikolaus alikuwa Kardinali, na mwaka 1450 alipewa uaskofu wa Brixen katika milima ya Tirol. Miaka hiyo haikuwa mizuri. Aliyeandika kwa unyenyekevu kama huo juu ya mipaka ya akili alitawala kwa mkono mgumu. Akiwa balozi wa Papa nchini Ujerumani mwaka 1451 aliagiza Wayahudi wavae alama ya kuwatambulisha, kisha akiwa askofu akagombana na masista wa abasia ya Sonnenburg, na mwaka 1460 Mtawala Sigismund wa Tirol alimzingira na kumkamata. Inaniuma kuyaandika haya, lakini ni ya mtu yule yule.

Mwaka huo huo wa 1460 aliandika De possest, mazungumzo ya watu watatu, na humo akaleta pia ya watoto. Mtoto akiivuta kamba kwa nguvu, pia inazunguka. Akiivuta kwa nguvu zaidi, inazunguka kwa kasi hata inaonekana imesimama, na watoto wenyewe husema imetulia. Sasa kasi yake iwe haina kikomo. Nukta iliyo ukingoni itakuwa imekwisha kurudi mahali pake papo hapo ilipoondoka; itakuwa kila mahali pa mzingo kwa wakati mmoja. Mwendo mkuu kabisa na utulivu mkuu kabisa vitakuwa kitu kimoja. Hivyo, akasema, ndivyo umilele wa Mungu ulivyo kwa nyakati zote.

Wakati huohuo, kwa zaidi ya miaka kumi, alihangaika na tatizo la kutafuta mraba wenye eneo sawasawa na la duara. Aliandika kitabu baada ya kitabu kulihusu, akitumaini kila mara kwamba amesogea karibu zaidi. Toscanelli alimpelekea mashaka yake kwa upole wa rafiki. Mwaka 1464 Regiomontanus, mwanahesabu kijana na hodari, alizipitia hesabu hizo akaonyesha zilipokosea. Nikolaus alifariki Agosti 11 mwaka huo huo mjini Todi, Toscanelli akiwa miongoni mwa walioshuhudia wosia wake. Uthibitisho kwamba mraba huo hauwezekani kwa rula na bikari ulitolewa na Ferdinand Lindemann mwaka 1882.

Mwaka uliofuata, 1883, Georg Cantor, mwanahesabu Mlutheri wa Chuo Kikuu cha Halle, alichapisha kitabu kilichotangaza kwamba visivyo na kikomo si kimoja bali viko vingi, na kimoja kinaweza kukizidi kingine. Ni kinyume kabisa cha ile hatua ambayo hoja ya pembetatu iliitegemea. Hata hivyo Cantor alimtaja Nikolaus humo miongoni mwa wanafalsafa ambao mawazo yao yalikutana na yake mwenyewe. Wanahesabu wengi walimtilia shaka, naye akawageukia wanateolojia Wakatoliki. Kardinali Johannes Franzelin, Mjesuiti aliyekuwa Roma, aliingiwa na hofu ile ile ya Wenck, kwamba kiumbe atachanganywa na Muumba. Cantor alijibu mwaka 1886 kwa kutenganisha mambo mawili: lisilo na kikomo ambalo ni Mungu mwenyewe, halikuumbwa wala haliongezeki, na lisilo na kikomo ambalo limeumbwa, linaloweza kuongezwa na kupimwa. Franzelin aliridhika kwamba tofauti hiyo haina hatari kwa imani. Alimpinga kwa jambo moja tu. Cantor alikuwa ametoa hoja kwamba, kwa ukamilifu wake, Mungu ilimlazimu kuumba visivyo na kikomo. Kardinali alimwandikia kwamba Mungu yuko huru, wala ukamilifu wake haumlazimishi kuumba chochote.