Vidonge vya Chuma na Wasichana Waliopauka

Mwaka 1554 daktari Mjerumani Johannes Lange alieleza ugonjwa wa msichana aliyepauka, aliyehema kila apandapo ngazi. Ushauri wake ulikuwa kwamba aolewe. Kwa muda mrefu baadaye, ugonjwa huo uliendelea kuhusishwa na ubikira, si upungufu wa madini ya chuma.

Tiba ilitangulia maelezo. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Blaud alitangaza vidonge vya salfeti ya chuma na kaboneti ya potasiamu, navyo vikaponya. Hata hivyo wataalamu waliendelea kubishana iwapo mwili unaweza kufyonza chuma cha aina hiyo. Mwaka 1893 Ralph Stockman wa Edinburgh aliwadunga wagonjwa chuma chini ya ngozi, na damu yao ikaongezeka. Kumbe walichokosa ni chuma, si mume.

Historia hii inatuonya tusimhukumu mgonjwa kabla ya kuuchunguza mwili wake. Leo hapa Uganda, mjamzito anayeacha vidonge vya kuongeza damu kwa sababu ya kichefuchefu au choo cheusi asiitwe mkaidi. Aelezwe kwamba choo cheusi ni kawaida, na kwamba chai inywewe mbali na dawa, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa.