Hirizi

Neno hirizi limetoka katika Kiarabu, hirz, lenye maana ya kinga au mahali pa kuhifadhi kitu. Msemaji wa Kiswahili wa Asiatique, mtaa wa Bujumbura uliopata jina kwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia enzi za Wabelgiji, huelewana bila taabu na mtu wa Muscat anapolitaja.

Tatizo ni kwamba siku hizi wengi wakisikia hirizi huona uchawi tu, na kazi ya mikono inasahaulika. Hirizi ina mafundi wake. Kuna mwandishi anayeandika aya kwenye karatasi na kuikunja. Kuna mshonaji anayeifunika kwa ngozi au kitambaa. Oman kuna masonara wa fedha, na kazi yao inanivutia kuliko zote: waliyeyusha reale za Maria Theresa, zenye tarehe ya 1780, wakafua vijaluba vya kuvaliwa shingoni, vyenye nakshi na vikengele vidogo vinavyolia mtu atembeapo. Kijaluba hicho nacho huitwa hirz.

Talasimu ni jambo jingine: ni yale maandishi na michoro yenyewe.

Wala si kila kitu kitakatifu ni hirizi. Walakota, wenyeji asilia wa Marekani, wana duara takatifu la pande nne, linalopangwa kwa mawe au kupambwa kwa miba ya nungunungu. Mfasiri asiliite hirizi, maana duara hilo hueleza mpangilio wa ulimwengu, si kinga tu. Aseme duara takatifu, inatosha.