Deni, Masizi na Nyimbo: Maisha Mawili ya Shuffle Along

Tarehe 23 Mei 1921, kundi la wasanii Weusi lilizindua tamthilia mpya ya muziki katika ukumbi wa Mtaa wa 63, mjini New York. Ukumbi huo ulikuwa kando ya eneo lenye majumba makuu ya Broadway, na ulifaa mihadhara kuliko ngoma. Jukwaa lake lilibidi lipanuliwe ili wachezaji wapate pa kutia miguu. Kundi lenyewe lilifika likiwa na deni linalokadiriwa na wanahistoria kuwa dola 18,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara ya jukwaa, Shuffle Along ilistahili kufungwa kabla ya mwezi kwisha. Badala yake iliendelea hadi Julai 1922, ikaonyeshwa karibu mara 500.

Miaka 95 baadaye tamthilia nyingine ilizinduliwa Broadway kusimulia jinsi ile ya kwanza ilivyoundwa. Hii ilikuwa na mtaji wa dola milioni kadhaa, waigizaji mashuhuri na wahakiki walioipokea vizuri. Haikumaliza miezi mitatu tangu uzinduzi wake. Hatima hizi mbili zikiwekwa bega kwa bega, swali la nini huipa tamthilia mpya nafasi ya kuishi huwa gumu kuliko linavyodhaniwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Wamarekani Weusi walikuwa wamekwisha kujijengea mahali kwenye majukwaa ya New York. In Dahomey, iliyoongozwa na Bert Williams na George Walker, ilionyeshwa huko mwaka 1903 kisha ikavuka bahari hadi London. Lakini msingi wa kazi hizo ulikuwa watu wachache. Ernest Hogan alifariki mwaka 1909. Bob Cole na Walker wakafuata mwaka 1911. Williams, aliyebaki peke yake, alichukuliwa na Ziegfeld Follies, maonyesho ya Wazungu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya mwingine, hata muongo ukapita, Broadway haikuona tamthilia kamili ya muziki iliyotungwa na kuigizwa na Weusi. Wenye majumba walisadiki kwamba watazamaji Wazungu hawatalipia tena kitu cha namna hiyo, na kwa kuwa hawakutoa majumba, hapakuwa na la kuwakanusha.

Waliovunja ukimya huo walikuwa wanne. Flournoy Miller na Aubrey Lyles walikuwa wachekeshaji. Noble Sissle alitunga maneno ya nyimbo, na Eubie Blake muziki. Walikutana Philadelphia mwaka 1920, katika hafla ya kuchangia NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Hadithi waliyoitumia ilitokana na kichekesho ambacho Miller na Lyles walikiandika Chicago mwaka 1907: washirika wawili wa duka la vyakula wanagombea umeya wa mji wa kubuni uitwao Jimtown, kila mmoja akimshuku mwenzake kwamba anaiba fedha za duka. Mshindi anamteua mwenzake kuwa mkuu wa polisi, ugomvi unazuka, na hatimaye Harry, mgombea mwadilifu, anawashinda wote wawili.

Mtayarishaji aliyekubali kuwashika mkono, John Cort, naye alikuwa amebanwa na hali ya fedha. Mavazi yalitoka katika maonyesho mengine yaliyokwisha kufa, yakiwa bado na alama za jasho la waliotangulia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hawa walipata njia ya kujisitiri nayo: waliitungia nyimbo. Palipokuwa na mavazi ya mashambani ya Kusini, uliandikwa wimbo wa mashambani. Palipokuwa na mavazi ya kuigiza nchi za Mashariki, uliandikwa wimbo wa kuyafaa.

Kabla ya New York, kundi lilizunguka miji midogo ya New Jersey na Pennsylvania, mara nyingi likilala mji mmoja usiku mmoja. Mapato hayakutosha nauli na chakula, na deni likapanda kituo baada ya kituo. Hata hivyo safari hiyo iliwapa muda wa kurekebisha kazi mbele ya watu. Mfano unaojulikana zaidi ni wimbo wa I'm Just Wild About Harry. Kwa masimulizi ya Blake mwenyewe, aliutunga kwa mapigo ya waltz na aliupenda hivyo. Mwimbaji mkuu, Lottie Gee, alikataa: waltz, alisema, haitawafaa. Blake akaubadilisha kwa shingo upande, akaupa mwendo wa haraka. Wimbo huohuo ulikuja kuwa wimbo wa kampeni ya urais ya Harry Truman mwaka 1948.

Hofu kubwa zaidi ilihusu wimbo mwingine, Love Will Find a Way. Desturi ya jukwaa la Marekani iliruhusu mapenzi ya Weusi yaonyeshwe kama mzaha tu. Mwanamume na mwanamke Weusi kuimbiana kwa dhati, bila kuchekesha, lilikuwa jambo lililodhaniwa kwamba Wazungu hawatalivumilia. Inasimuliwa kwamba usiku wa uzinduzi Sissle na wenzake walisimama karibu na mlango wa nyuma, tayari kukimbia, huku Blake akiwa mbele na okestra, asiweze kwenda popote. Hakuna aliyezomea. Watazamaji walitaka wimbo urudiwe.

Hapo ndipo inapoonekana sababu ya kwanza ya kupona kwake. Tamthilia ya muziki ni chombo ghali kukiendesha: kila wiki kuna kodi ya ukumbi, mishahara, taa na matangazo, na mapato yakipungua kuliko gharama hizo, sifa haziwezi kukiokoa. Shuffle Along haikuwa na gharama kubwa za kuibeba. Ukumbi ulikuwa pembeni, mavazi yalikwisha kulipiwa na waliofilisika, na waigizaji hawakuwa na majina ya kudai donge nono. Iliweza kungoja sifa zienee. Kila Jumatano usiku wa manane kulikuwa na onyesho ambalo wasanii wa majumba mengine waliweza kulihudhuria baada ya kazi zao. Nao, wakirudi kwao, wakawa matangazo yasiyolipiwa.

Sababu ya pili ilikuwa watazamaji wenyewe. Weusi, ambao kwa desturi walisukumwa kwenye roshani ya juu, safari hii baadhi yao waliketi chini, ingawa sehemu kubwa ya viti hivyo bado ilitengewa Wazungu. Langston Hughes aliandika baadaye katika tawasifu yake kwamba tamaa ya kuiona Shuffle Along ndiyo iliyomvutia kuja kusoma New York, na kwamba ndiyo iliyoanzisha mvuto wa Harlem wa miaka ya 1920. Florence Mills alipata umaarufu humo. Josephine Baker, aliyekataliwa mwanzoni, aliingia katika kundi la wacheza ngoma la safari za mikoani. William Grant Still, mtunzi wa simfonia wa baadaye, alipiga obo katika okestra.

Lakini uhai huo ulikuwa na bei. Miller na Lyles, watu Weusi, walipanda jukwaani wakiwa wamejipaka masizi usoni na kuchora midomo mikubwa, kama walivyofanya Wazungu waliowadhihaki mababu zao. Wanamuziki wa Blake walikariri muziki wote na kupiga bila karatasi kwa sababu, kama alivyoeleza yeye mwenyewe, Wazungu hawakutaka kuamini kwamba Mweusi anaweza kusoma noti. Onyesho moja lilibeba wimbo wa mapenzi uliovunja mwiko na kichekesho kilichoulea mwiko uleule. Kumlaumu mtu aliyejipaka masizi mwaka 1921 ni rahisi kwa asiyekuwa na deni wala wachezaji wa kuwalisha. Hata hivyo masizi hayo yalikuja kuigharimu kazi. Majaribio ya kuifufua katika miaka ya 1930 na mwaka 1952 yalikufa haraka. Vichekesho vilichakaa, na hadithi haikuweza kusimama bila hivyo. Zilizobaki hai ni nyimbo, ambazo mwaka 1978 ziliwekwa katika Eubie!, onyesho lililodumu zaidi ya mwaka Broadway.

Mwaka 2016 George C. Wolfe alijaribu njia nyingine. Hakuifufua hadithi ya Jimtown. Aliandika tamthilia kuhusu wale wanne, mafanikio yao, ugomvi wao na kusahauliwa kwao, Savion Glover akibuni ngoma. Waandaaji wa Tuzo za Tony waliamua kuiweka katika fungu la tamthilia mpya, mwaka uleule wa Hamilton. Iliteuliwa kuwania tuzo 10, haikupata hata moja. Kisha nyota wake mkuu, Audra McDonald, aliyeigiza nafasi ya Lottie Gee, akashika mimba na kulazimika kuondoka. Mwimbaji mwingine alikuwa ameshatangazwa kumrithi, lakini watayarishaji walisema kutokuwepo kwa McDonald kungewaingiza katika hasara wasiyoweza kuibeba. Pazia lilishuka tarehe 24 Julai 2016, baada ya maonyesho 100.

Mwaka 1921 Gertrude Saunders, mmoja wa nyota wa onyesho, aliondoka. Mills aliyekuwa hajulikani sana akachukua nafasi yake, na kazi ikazidi kung'aa. Mwaka 2016 nyota mmoja alipoondoka, nyumba nzima iliinama, kwa maana gharama zake zilikuwa zimeegemezwa juu ya jina lake. Tofauti haiko katika vipaji. Umaskini wa kundi la kwanza uliliachia nafasi ya kubadilika. Utajiri wa la pili haukuliachia hata ya kungoja.

Lakini hesabu hiyo haimalizi habari. Tamthilia ya kwanza iliishi muda mrefu ikiwa imevaa kinyago, na kinyago hicho ndicho kilichozuia irudi. Ya pili ilikuja kukivua hadharani na kueleza kwa nini kilivaliwa, ikaishi wiki chache. Anayepima uhai wa kazi ya jukwaa kwa dirisha la tiketi peke yake ataona ushindi mmoja na hasara moja. Ila maandishi ya Jimtown ni nadra kuonyeshwa kama yalivyoandikwa, na anayetaka kujua yalivaliwa na nani, kwa deni gani na kwa hofu gani, atalipata jibu katika ile iliyofungwa mapema.